Ada ilifutwa, ukuta umebaki: watoto wa Arusha na Moshi wanavyotenganishwa kabla ya kidato cha kwanza

#1 ChakiNaUbao (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Uzi ni mrefu, naombeni subira yenu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na hesabu. Asubuhi nafundisha shule ya kata upande wa Muriet, hapa Arusha mjini. Jioni na Jumamosi nafundisha tuisheni majumbani, zaidi Njiro na Sakina, kwa sababu mshahara peke yake hautoshi na nina watoto wanaosoma. Wanafunzi wangu wa asubuhi na wa jioni wako kidato kimoja, wanafuata mtaala mmoja, na Novemba wanakaa kwenye mtihani mmoja. Nimewafundisha wote kwa karibu na nasema bila kupepesa macho kwamba akili zao ni zilezile.

Kilichonifanya niandike ni kauli ninayoisikia kila mahali, kwenye vifodi, misibani, hata ofisini kwa walimu, kwamba tangu serikali ifute ada, mtoto wa maskini akifeli amejitakia mwenyewe. Kauli hii inaniuma.

Tuanze na hiyo ada. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliifuta kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kikafuata kidato cha tano na cha sita. Nashukuru kwa moyo wote, maana kuna watoto nisingewaona darasani kamwe bila waraka ule. Lakini ada ya shule ya kutwa iliyofutwa ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka. Mzazi wa Njiro ananilipa Sh 10,000 kwa kipindi kimoja cha jioni. Yaani vipindi viwili vinamaliza ada ya mwaka mzima ya mtoto wa Muriet. Kwa hiyo tunapojisifu kwamba tumeondoa kikwazo cha fedha, tujue tumeondoa kipande kidogo mno cha kile ambacho fedha inafanya.

Fedha inafanya nini hasa? Watu hutaja majengo, kompyuta, mabasi ya njano. Mimi nataja lugha kwanza.

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya kawaida ya serikali amefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu kati ya mengi. Januari anavaa sketi mpya, anaingia kidato cha kwanza, na fizikia, kemia, baiolojia, jiografia na historia vyote vinageuka Kiingereza kwa mkupuo. Anapewa wiki chache za kozi ya utangulizi, kisha kazi inaanza. Mtoto wa ingilishi midiamu yeye amekuwa ndani ya lugha hiyo tangu awali. Huyu anajifunza fizikia, mwenzake anahangaika na lugha na fizikia kwa wakati mmoja, halafu tunawapima kwa mizani moja na kumwita wa pili mzito.

Nina binti mmoja darasani, mama yake anauza nyanya soko la Kilombero. Nilimwuliza kwa Kiswahili kwa nini barafu inaelea. Akasimama akaeleza vizuri kuliko kitabu: maji yakiganda yanatanuka, uzito unabaki uleule lakini nafasi inakuwa kubwa zaidi, ndiyo maana yanakuwa mepesi kuliko maji yenyewe. Swali hilohilo likaja kwenye jaribio kwa Kiingereza, akaacha nafasi tupu. Nikasahihisha sifuri, kwa mkono wangu, kwa sababu mwongozo wa usahihishaji hauna mahali pa kuandika kwamba anajua.

Sasa nifike kwenye hoja yangu yenyewe. Katika nchi yetu mwenye nacho analipa mwanzoni ili apate bure mwishoni. Asiye nacho anapewa bure mwanzoni, kisha analipishwa mwishoni.

Mwenye nacho anatoa mamilioni shule ya msingi. Mtoto anapata alama za juu kabisa za darasa la saba, na alama hizo ndizo zinazofungua shule za serikali za vipaji maalumu, kama Ilboru yetu hapa, Mzumbe, Kibaha, Kilakala. Huko ni bweni, walimu wapo, na ada hakuna. Kama hakwenda huko, anabaki sekondari binafsi, anafaulu, anarudi kidato cha tano kwenye shule nzuri ya serikali bila ada. Baada ya hapo chuo kikuu cha umma, mahali ambapo mwanafunzi anabebwa zaidi na kodi ya wote kuliko ngazi nyingine yoyote.

Mtoto wa Muriet amesoma bure tangu darasa la kwanza. Kidato cha nne anapata daraja la nne au sifuri. Hapo ndipo malipo yanapoanza: kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, kituo cha tuisheni cha mjini, chuo cha kati cha binafsi kinachotaka ada kwa muhula. Mama wa nyanya anaanza kulipa siku ambayo mzazi wa Njiro anaacha kulipa.

Kodi anayokatwa kwenye sukari na sabuni inasomesha nani? Nawasilisha, naombeni tujadiliane kwa heshima.

#2 Kwa_Mrombo_Mwisho

Umenena, mwalimu. Mdogo wangu alipata sifuri na sasa ndiye anayetengeneza simu za mtaa mzima. Hana ujinga hata chembe.

#3 MamaWawili_Sakina

Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu. Ila mzazi kama mimi umenigusa, acha nijibu.

Mimi si tajiri. Mume wangu ni dereva wa watalii, mimi nina duka la vitenge. Wanangu wawili wako ingilishi midiamu kwa jasho. Mwaka 2020 watalii walipokata, shule zikafungwa Machi, tulikaa miezi tukila akiba ya ada. Zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni ilibidi niuze friji ya duka ili warudi. Kuna jirani zangu watoto wao hawakurudi pale walipokuwa, wakahamishiwa shule ya serikali katikati ya darasa la nne, na hapo ndipo nilipoona tofauti kwa macho. Mtoto aliyekuwa na daftari lililosahihishwa kila siku alikaa wiki mbili bila mwalimu kumfikia, kwa sababu walikuwa wengi mno.

Sasa unataka nifanyeje? Niwarudishe wanangu kule ili kuwe na usawa? Nitamtoa mtoto wangu kafara kwa ajili ya hoja?

#4 MzeeKihamba

Wanangu, hamjambo. Naandika kutoka Kibosho, Moshi Vijijini. Nimefundisha na nimestaafu, mniruhusu nirudi nyuma kidogo kwa sababu vijana wengi mnadhani hali hii ilikuwepo siku zote.

Hapo Arusha mna shule inaitwa Arusha School. Ilianzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa walowezi wa Kizungu. Enzi hizo kulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na kila kundi lilikuwa na bajeti yake, na mnaweza kukisia ipi ilikuwa nono. Baada ya uhuru, mwaka 1962, utengano huo wa rangi ukafutwa. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misheni mikononi mwa serikali. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, mwezi mmoja hivi baada ya Azimio lililotangazwa hapohapo mjini kwenu.

Matokeo yake niliyaona. Weruweru, hapa chini ya Moshi, chini ya Mama Maria Kamm, binti wa kiongozi na binti wa mkulima wa migomba walilala bweni moja na kula ugali wa sufuria moja. Dkt. Asha-Rose Migiro, aliyekuja kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2007, alipita pale. Mzazi mwenye cheo alipopita kumwona mwanawe akakuta choo kibovu, choo kilitengenezwa. Hakuhitaji huruma kwa watoto wa wengine. Wa kwake alikuwa mle ndani.

Lakini nisidanganye kwamba ulikuwa usawa kamili. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno na sisi wa Kilimanjaro tulikuwa tumetangulia. Tulikuwa na kahawa, na tangu 1933 tulikuwa na KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, na misheni za Kilutheri na Kikatoliki zilikuwa zimejenga shule mlimani kote. Serikali ilipoweka mgao wa nafasi kwa mikoa ili wengine nao wapate, wazazi wa huku walilalamika, kisha wakachangishana wakajenga sekondari zao wenyewe. Mnasema Wachaga wanapenda shule. Ni kweli, tunapenda, ila mapenzi hayo yalikuwa na kahawa ya kuyalipia. Kibarua wa mashamba ya miwa kule tambarare ya TPC alipenda shule vilevile, mwanawe akabaki shambani. Na mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, nikaona watoto wa kaya zilezile zenye mapenzi yaleyale wakirudishwa nyumbani kwa ada.

Kisha ikaja sera ya elimu ya 1995, mlango wa shule binafsi za msingi ukafunguliwa wazi. Wenye uwezo wakatoka kwa miguu yao. Hapo ndipo shule za serikali zilipopoteza watu wenye sauti.

#5 ChakiNaUbao (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Umeniongezea kitu ambacho nilikuwa nakizungukazunguka bila kukitaja. Watu wenye sauti waliondoka.

Mama Sakina, pole kwa yale ya 2020, na sikukusudia kukuhukumu. Ningekuwa na uwezo wako ningefanya hivyohivyo. Mzazi anayemwokoa mwanawe hana kosa. Ninacholalamikia ni nchi kupanga mambo hivi kwamba mzazi makini akishampeleka mwanawe kunakofaa, hana tena sababu ya kuuliza kuhusu wale waliobaki. Wewe ungekuwa kwenye bodi ya shule yangu, ule mwezi tulioukaa bila mwalimu wa kemia usingepita kimya. Wazazi wa Muriet nikiwaita kikaoni wanakuja wachache. Si kwamba hawajali! Baba yuko mgodini Mererani au mlimani amebeba mizigo ya watalii, mama akifunga meza ya mboga siku moja watoto hawali. Wanaokuja wanakaa nyuma, wanaogopa kuongea mbele ya mkuu wa shule, na wakiulizwa maoni wanasema asante.

Nikuulize na wewe: mtaani kwako Sakina, mjumbe wa mtaa, diwani, mtendaji, watoto wao wanasoma wapi?

#6 MamaWawili_Sakina

Nimefikiria. Wote ninaowajua, binafsi. Hata mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali ya jirani, mwanawe anasoma na wangu.

#7 Nyika_ya_Longido

Mnazungumza Muriet na Njiro, sisi wa huku tuko wapi? Mtoto wa boma anaanza darasa la kwanza akiwa anaongea Kimaasai tu. Kiswahili kwake ni lugha ya pili, anakijifunza darasani pamoja na kusoma na kuandika. Akishakizoea, sekondari inampa Kiingereza, lugha ya tatu. Na hapo ameshatembea kilomita nyingi asubuhi bila chai, msimu wa kiangazi familia imehama na ng'ombe, hajui jioni atalala wapi. Mtoto wa kike mambo ni mazito zaidi, kwa sababu asiye na bweni anaonekana yuko tayari kuolewa.

Nilisoma kwa sababu bweni lilikuwepo na chakula kilikuwepo. Si zaidi ya hapo.

#8 Mjukuu_wa_Rau

Mimi naona suluhisho lipo tayari. Shule ya St Jude pale Moshono imekuwepo tangu 2002, ilianzishwa na yule mama Mwaustralia, Gemma Sisia. Inachukua watoto wa kaya maskini, hawalipi kitu, wanapata basi, chakula, vitabu, na wanafaulu vizuri. Tujenge kama hiyo kila wilaya, tumalize.

#9 ChakiNaUbao (mleta uzi)

Ndugu wa Longido, umesema jambo ambalo nitalirudia kila nitakapokaa: bweni na chakula. Mchana shuleni kwangu, mtoto ambaye mzazi wake hajaleta mahindi na maharage ya makande anakaa chini ya mti wakati wenzake wanakula. Saa nane anarudi darasani kwenye hesabu. Nifundishe nini hapo?

Mjukuu wa Rau, St Jude naiheshimu sana, na kwangu mimi ni ushahidi mkubwa kuliko hotuba yoyote. Watoto walewale wa mitaa ileile wakilishwa, wakisafirishwa, wakipewa lugha mapema na mwalimu mwenye darasa linalobebeka, wanapanda. Basi hakuna aliyebaki na hoja kwamba tatizo ni ukoo wao. Ila tuiangalie ilivyo. Inaendeshwa kwa michango ya wafadhili walio mbali, na inachagua mtoto ambaye ni maskini na pia anaongoza darasani. Mwanafunzi wa katikati, yule asiye wa kwanza wala wa mwisho, hana mfadhili. Na nchi inaishi kwa watu wa katikati. Njiro wa katikati anakuwa mhasibu. Muriet wa katikati anakuwa daraja sifuri.

Kule Moshi, Barabara ya Lema, kuna UWC East Africa, zamani International School Moshi, iliyoanza 1969. Ada yake inahesabiwa kwa dola. Nao wana nafasi za ufadhili kwa Watanzania wachache, na kijana akizipata maisha yake yanageuka. Nawapongeza waliozipata. Lakini hizi zote ni ngazi za kumtoa mtoto mmojammoja shimoni. Nani anafukia shimo?

Na niseme neno kuhusu hizi shule za binafsi zinazosifiwa kwa ufaulu. Nyingi zinachuja. Mtoto asipofikisha wastani anaambiwa akariri darasa au atafute shule nyingine, na anakotafuta ni kwetu, mara nyingi katikati ya kidato cha tatu. Sisi hatumfukuzi mtu. Kisha tunalinganishwa. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na wengi walilalamika. Mimi nilifurahi. Orodha ile ilitupima walimu kwa watoto tuliochaguliwa na wengine.

Kuhusu madarasa, tusiwe wachoyo wa shukrani. Sehemu ya zile Sh trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, na Januari 2022 wote waliochaguliwa waliingia kidato cha kwanza pamoja bila kusubiri awamu ya pili. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Shuleni kwangu tulipata vyumba vipya. Mwalimu wa kuingia ndani yake ndiye tuliyeendelea kumsubiri. Kiwango kinachotakiwa sekondari ni wanafunzi 40 kwa darasa. Mimi nina zaidi ya themanini kwenye mkondo mmoja wa kidato cha pili. Nikisahihisha daftari moja kwa dakika mbili tu, karibu saa tatu zimekwisha, na hiyo ni mkondo mmoja na somo moja. Mtoto wa Njiro anasahihishiwa palepale, mbele ya macho yake, kosa likiwa bado la moto.

Ninachokitaka mimi si kikubwa kama kujenga shule nyingine za mfano. Kwanza, chakula cha mchana kwa kila mtoto wa shule ya umma, kilipwe na bajeti ya umma, kisitegemee debe la mahindi la mama wa nyanya. Pili, suala la lugha liamuliwe bila woga: ama Kiswahili kiendelee mpaka kidato cha nne na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, ama Kiingereza kifundishwe kwa nguvu tangu darasa la kwanza na walimu wanaokijua kweli. Mimi niko upande wa Kiswahili, kwa sababu ya yule binti wa barafu, lakini uamuzi wowote ni bora kuliko huku kumrusha mtoto mtoni akiwa na miaka kumi na tatu. Tatu, nafasi za shule za vipaji maalumu ziangalie mtoto alikotoka. Alama kubwa zilizopatikana kwenye darasa la watoto mia bila vitabu zina uzito kuliko alama hizohizo zilizonunuliwa kwa tuisheni, na nasema hivi nikiwa ninayeuza hiyo tuisheni.

#10 MzeeKihamba

Hilo la tatu litakuletea maneno, mwanangu. Wataita upendeleo. Hata mgao wa mikoa uliitwa hivyo.

#11 ChakiNaUbao (mleta uzi)

Najua, mzee. Lakini upendeleo upo tayari, tena wa miaka saba kamili, toka darasa la kwanza mpaka la saba. Tofauti ni kwamba huo umelipiwa risiti, hivyo tunauita juhudi.

#12 Mpagazi_Machame

Mwalimu, mimi ni mpagazi, napanda mlima. Mwanangu wa kwanza amemaliza darasa la saba Septemba hii, shule ya serikali hapa Machame. Sina pesa ya tuisheni. Nimesoma uzi wote na naogopa Januari. Nifanye nini sasa hivi?

#13 ChakiNaUbao (mleta uzi)

Kaka, asante kwa kuuliza, na hongera kwa kijana. Umeuliza wakati wenyewe. Kati ya mtihani wa Septemba na Januari kuna miezi zaidi ya mitatu ambayo wenye uwezo wanaitumia kuwapeleka watoto kozi za maandalizi ya kidato cha kwanza, na watoto wetu wanaitumia kuchunga na kuuza ndizi. Pengo linapanuka hapo kimyakimya.

Fanya hivi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na kuvisoma ni bure. Siku ukishuka mlimani ukiwa na simu yenye bando, fungua kitabu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza na cha baiolojia. Kama simu inasumbua, Moshi mjini kuna Maktaba ya Mkoa. Hata siku moja kwa wiki inatosha kuanzia. Asome ukurasa mmoja kwa sauti kila siku, hata kama haelewi nusu yake, kisha aandike kwa Kiswahili alichoelewa. Asikariri orodha ya maneno. Aandike sentensi tano za Kiingereza kila jioni kuhusu alichofanya siku hiyo, na atafute mtu yeyote wa kumsahihishia. Kwenye kazi yako unapanda na waongozaji wanaoongea Kiingereza kila siku. Mwombe mmoja wao, mkiwa mmerudi, akae na kijana saa moja awe anaongea naye tu, si kufundisha.

Na jambo la mwisho, akianza shule usimwache aamini kwamba ni mzito. Wiki za mwanzo atarudi nyumbani akisema haelewi kitu. Mwambie hata mwalimu wake anajua hivyo. Nitumie ujumbe hapa ndani, nitakupa mazoezi ya hesabu niliyonayo. Na kama kuna mwalimu wa Kiingereza upande wa Machame au Hai anayesoma hapa na ana saa moja kwa wiki, naomba ajitokeze.

#14 Mjukuu_wa_Rau

Dada yangu anafundisha Kiingereza Hai. Nimempigia, anasema Jumamosi mchana yuko huru. Mpagazi, angalia ujumbe wako.